Insha ya Pilau

Wanafunzi sabini na mmoja wa darasa la saba waliambiwa waandike jinsi mbu anavyoeneza malaria, na sitini na wawili kati yao walianza hivi: "Ilikuwa siku ya Jumamosi asubuhi na mapema, jua lilikuwa limechomoza na ndege waliimba nyimbo nzuri mitini." Mwalimu Revelian alikuwa hajamaliza hata miezi miwili tangu ahamie shule hiyo ya Yombo. Alisoma daftari la kwanza akatabasamu, la kumi akakuna kichwa, la arobaini akacheka peke yake ofisini mpaka mwenzake akamuuliza kama anaumwa. Kwenye daftari moja mbu mwenyewe alitokea ukurasa wa pili, mstari wa mwisho, akafa hapo hapo.

Kesho yake aliingia darasani na rundo la madaftari, akalibwaga mezani.

"Nani kawafundisha hawa ndege?"

Hope, binti wa kiti cha mbele, alinyoosha mkono.

"Ticha, tulikariri darasa la tano. Ukianza hivyo unapata maksi za utangulizi."

"Na mbu anahusiana nini na hao ndege?"

Nyuma mtu alicheka, wa pili akadakia, na mara darasa zima likawa linacheka, sitini na wawili wakijicheka wenyewe.

"Basi ndege wote nimewafukuza," alisema Mwalimu Revelian kwa lafudhi yake ya Bukoba. "Kuanzia leo hapa hakiandikwi kitu kabla hakijapangwa."

Akawaagiza kalenda za mwaka uliopita, zile zinazoning'inia ukutani bila kazi. Kila mtoto akakata vipande vitano. Kipande kimoja, jambo moja. Cha kwanza, unataka kumweleza msomaji kitu gani. Vitatu vya katikati, mambo yenyewe, kila moja mahali pake. Cha mwisho, msomaji aondoke na nini. Unavipanga sakafuni, unavihamisha, unavihamisha tena, na vikikubali kukaa ndipo unagusa daftari. Kisha unamsomea mwenzako, naye anasikiliza bila kuona karatasi yako. Pale anapoachwa nyuma anapaza sauti: "Nimepotea!" Hapo ndipo penye shimo, nenda ukalizibe.

Watoto waliupenda mchezo huo kupita kiasi. Walitambaa sakafuni na vipande vyao, wakagombana, wakapoteana kwa makusudi. Neno lenyewe likatoka nje ya geti la shule. Baba mmoja akijieleza kwa mkewe kwa nini kachelewa kurudi, mwanawe aliyekuwa akinywa chai pembeni alimwambia, "Baba, nimepotea," akachapwa, ila mama yake alimwongezea mkate.

Katikati ya furaha hiyo ikaja habari kubwa zaidi. Umoja wa watu waliosoma shule hiyo zamani ulitangaza shindano la insha ya maelezo, mada ikiwa kazi inayofanyika mtaani kwetu. Mshindi mmoja, mmoja tu, atasomeshwa shule ya bweni ya mkoani kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne, kila kitu juu yao. Munira Marijani, wa darasa hilo hilo la saba, alirudi nyumbani siku hiyo mbio, kiatu kimoja mkononi.

*

Nyumba aliyokimbilia Munira ilikuwa ya bibi yake, Bi Tunu, mpishi wa pilau za harusi. Temeke nzima ilimjua. Katika nyumba hiyo waliishi watatu: yeye, binti yake Najat, na Munira mwana wa Najat. Wote watatu waliishi kwa pilau.

Na pilau yenyewe iliishi kwa pazia. Bi Tunu akienda kupika shughuli, jambo la kwanza hufunga kamba mbili na kutundika khanga kwenye kona ya uwanja. Kupasua kuni, kuchambua mchele, kuchemsha nyama, hayo yote hufanyika hadharani na wanawake wa shughuli humsaidia. Lakini vitunguu vikishaanza kuiva kwenye mafuta, Bi Tunu huchukua kinu na mchi akaingia nyuma ya khanga, peke yake. Watu husikia anatwanga. Hutoka na bakuli iliyofunikwa, akaimimina kwenye supu, na baada ya hapo harufu huita watu wasioalikwa. Wengine walisema ni maziwa ya unga, wengine nazi. Shoga yake mmoja wa zamani alisema ni uganga, ndiyo maana akawa wa zamani.

Siku hizi pazia tu ndilo lililobaki. Harusi zilikuwa zinakimbilia kwa wapishi wenye sahani za kukodi na vijana waliofunga tai. Mkubwa wao mtaani hapo alikuwa Mama Hope, jina lake Sekela, mtu wa Mbeya, mchapakazi, mwenye gari lake la kubebea vyombo. Mwezi uliopita alipata harusi ya Goba, na wenye harusi wakashikilia kwamba pilau iwe ya Bi Tunu. Sekela akampeleka. Bi Tunu akapika nyuma ya ukumbi, karibu na tangi la maji, na alipotaka kuchungulia ukumbini aone watu wakila, kijana mwenye tai akamzuia mlangoni. "Samahani bibi, wapishi hawaruhusiwi huku." Ndani Sekela alikuwa akipokea pongezi. Bi Tunu aliporudi nyumbani hakula.

Sasa Munira alikuwa ametandaza vipande vya kalenda kwenye mkeka, na bibi yake, aliyejifunza herufi kwenye madarasa ya watu wazima, akainama kuvisoma kimoja kimoja.

"Ma-an-da-li-zi. Haya. Nya-ma na su-pu. Haya. Ku-pa-li-a ma-kaa." Akanyanyua kichwa. "We mke mwenzangu, unaandika pilau yangu?"

"Ndo kazi ninayoijua bibi. Chapati wameandika watu kumi na wanane."

"Na hiki mbona kitupu?" Kidole cha Bi Tunu kilikuwa juu ya kipande cha tatu.

Munira alikivuta kwake. "Hiki ni cha nyuma ya pazia."

Bi Tunu akakaa wima. Najat, aliyekuwa akichambua mchele mlangoni, akaacha kuchambua.

"Andika kazi nyingine."

"Ticha kasema insha ya maelezo haifichi kitu. Msomaji akifika mahali akapotea, maksi zinaondoka."

"Wapotee! Sie tumeishi miaka yote hii kwa kupotea kwao."

"Mama," alisema Najat, "ni bweni hilo. Miaka minne. Mie nilikomea la saba, unajua mwenyewe kwa nini."

"Najua. Na siri ikitoka, hiyo miaka minne mie na wewe tutakula nini? Unadhani yule Sekela ataniita tena Goba? Atanifuata kwa lipi? Kwa uzuri wangu?" Bi Tunu alikuwa amekasirika, lakini zaidi ya hasira alikuwa na hofu, na hofu ilimtia aibu mbele ya mtoto. Akapunguza sauti. "Sikiliza mjukuu wangu. Andika yote, waoneshe. Mie sikukatazi. Ila hapo pa pazia, paruke. Hiyo ni ya kwetu."

"Sawa bibi," alisema Munira.

*

Siku ya kuandika, Munira aliandika aya ya kwanza, akaandika ya pili, kisha akakaa na kalamu mdomoni. Alijaribu kuruka. Akasoma moyoni kutoka aya ya pili kwenda ya nne, na sauti ndani ya kichwa chake ikapiga kelele kwamba imepotea. Pilau ya namna hiyo ingekuwa wali wa nyama tu, na mtu yeyote angeisoma akamdharau bibi yake. Hilo hakuweza kulivumilia. Akajiambia kwamba karatasi itasomwa na ticha na waamuzi wawili watatu, itiwe kwenye bahasha, ifungiwe kabatini. Nani mpishi atakwenda kufungua kabati la shule? Akainama, akaandika aya ya tatu yote bila kufuta hata neno.

Mwalimu Revelian aliisoma kabla ya chakula cha mchana, na lilikuwa kosa. Alimeza mate mpaka akanyanyuka kunywa maji. Kisha akarudi akaisoma tena kama mwalimu, akitafuta shimo, akalikosa. Jioni majina matatu yalibandikwa ubaoni: Brightson, aliyeeleza jinsi ya kuziba pancha ya bajaji, Hope, aliyeeleza jinsi mama yake anavyopamba ukumbi, na Munira.

Darasa lilimbeba juu juu. Alikuwa bado anacheka alipomuuliza mwalimu, "Kwa hiyo ticha karatasi zetu zinapelekwa wapi?"

"Zipelekwe wapi? Mtazisoma wenyewe, Jumamosi, siku ya wazazi. Waamuzi hawaoni karatasi mpaka mmalize kusoma. Watasikiliza kama mnavyosikilizana darasani."

Kicheko kikamkauka. "Mbele ya wazazi wote?"

"Wazazi wote. Mbona umebadilika?"

Munira aliomba abadilishe mada. Haikuwezekana, karatasi zilishafungiwa na zitatolewa siku hiyo hiyo. Alitembea kwenda nyumbani taratibu, na alipofika alikuta habari imemtangulia. Bi Tunu alikuwa amesimama uwanjani akipiga vigelegele peke yake, majirani wakitoka mmoja mmoja kuuliza kulikoni.

"Mjukuu wangu kaingia tatu bora! Na siri yangu kaitunza! Mtoto wa kwetu huyu!" Akamkumbatia, akamzungusha. Munira alitaka kusema. Alifungua mdomo, akaona uso wa bibi yake ulivyong'aa, akaufunga.

*

Jumamosi uwanja wa shule ulijaa. Turubai zilifungwa, spika zilipiga muziki wa singeli mpaka mwalimu mkuu akaomba zipunguzwe, na chakula cha wageni, kama ilivyotarajiwa, kiliandaliwa na Sekela. Bi Tunu alivaa dera jipya, akakaa mstari wa pili na Najat, na majirani sita aliowakokota. Sekela alikaa mstari wa mbele, simu juu, tayari kumrekodi binti yake.

Hope alisoma vizuri. Mapambo yake yalieleweka, isipokuwa pale pa kufunga vitambaa vya dari, ambapo darasa la saba, waliokaa chini mbele kabisa, walimwambia bila huruma kwamba wamepotea. Brightson alisoma haraka haraka, akaziba pancha yake mpaka ikazibika, na dereva mmoja wa bajaji aliyesimama ukutani akapaza sauti, "Dogo, njoo kijiweni Jumatatu!" Watu wakaangua kicheko.

Kisha akaitwa Munira. Akapewa karatasi yake. Makofi ya Bi Tunu yalisikika juu ya makofi ya wote.

"Kupika pilau ya watu mia tatu kuna kanuni," alianza, "na kanuni ya kwanza ni kutoharakisha." Wanawake wakaguna kwa kukubali. Akaeleza kuni, zipi zinawaka na zipi zinatoa moshi tu. Akaeleza nyama inavyochemshwa peke yake, kwa nini povu linaondolewa, kwa nini supu haimwagwi. Watu walianza kusogea mbele kwenye viti. Akaeleza vitunguu vinavyokatwa vyembamba na kukaangwa kwa uvumilivu mpaka vianze kubadilika rangi. Akafungua ukurasa, na pale juu ya ukurasa ikawepo aya ya tatu, kwa mwandiko wake mwenyewe. Akainua macho. Akaiona simu ya Sekela, Sekela ambaye alikuwa amemaliza kumrekodi binti yake lakini hakuwa ameishusha.

Munira aliruka.

"Mchele ukishatiwa na maji yakikauka," alisoma, "makaa hupaliwa juu ya kifuniko..."

"Nimepotea!" Sauti moja, halafu kumi, halafu darasa zima. "Tumepotea! Vitunguu vimekwenda wapi?"

Mwamuzi mkuu, Bi Apolonia, mwalimu mstaafu mwenye miwani mizito, akagonga meza. "Hata mie nimepotea, mwanangu. Tuliacha vitunguu kwenye mafuta, sasa tuko kwenye makaa. Rangi imetoka wapi? Hebu turudishe."

Munira aliifunika karatasi kwa kiganja. Mwalimu Revelian, aliyejua kila neno lililokuwa kwenye ukurasa ule, alimwangalia bila kuelewa. Aya moja tu, sentensi nne, na bweni ni lake.

"Sina la kuongeza," alisema Munira.

Watu wakanong'ona. Bi Apolonia akashika kalamu, akaanza kuandika kitu ambacho hakikuonekana kuwa kizuri. Na hapo Bi Tunu akasimama. Najat alimshika dera, akajing'oa.

"Acha kuandika, mwalimu!" Sauti yake haikuhitaji spika. "Mtoto hana kosa. Aliyewapoteza nyie ni mie. Mie nilimkataza."

"Bibi, kaa tafadhali, hili ni shindano."

"Nitakaa nikimaliza." Alikuwa anatweta. Aliiona simu ya Sekela, akaiangalia moja kwa moja kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. "Vitunguu vikikaribia kuungua, sio viungue, vikaribie, unachota bakuli mbili. Unaviweka kinuni. Unatia bizari nyembamba uliyoikaanga kavu. Unatia tende, umezitoa kokwa. Unatwanga mpaka viwe kitu kimoja. Ndo unamimina kwenye supu, kabla ya mchele. Rangi inatoka hapo. Utamu unatoka hapo. Si maziwa, si nazi, si uganga, na anayesema uganga yuko mstari wa nne pale ananisikia!"

Uwanja ulilipuka. Wanawake walisimama, wengine wakishika vichwa. "Tende! Jamani, tende!" Sekela aliishusha simu polepole. "Miaka minne mie naweka maziwa ya unga," alimwambia mtu wa kando, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefiwa.

Bi Apolonia aligonga meza hadi mkono ukamuuma. "Asante bibi, tumefaidi. Lakini kanuni ni kanuni. Maneno ya mzazi hayahesabiki ikiwa hayamo kwenye karatasi ya mtoto. Munira, lete hiyo karatasi."

Munira aliikumbatia kifuani. Mwalimu Revelian ndiye aliyekwenda kuichukua, taratibu, akimbandua kidole kimoja kimoja. Bi Apolonia akasogeza miwani, akasoma kimoyomoyo, akasimama, akasoma kwa sauti.

"Aya ya tatu. 'Vitunguu vikikaribia kuungua, mpishi huchota bakuli mbili. Huvitwanga pamoja na bizari nyembamba iliyokaangwa kavu na tende zilizotolewa kokwa. Mchanganyiko huo humiminwa kwenye supu kabla ya mchele. Hapa ndipo pilau ya bibi yangu inapoachana na pilau za watu wengine.'"

Kelele zilikatika. Bi Tunu alikuwa bado amesimama. Alimwangalia Najat, na Najat akatikisa kichwa, kwa kuwa hata yeye, mtoto wa kuzaa, hakuwa amewahi kuambiwa.

"Ulikuwa nayo hapo mkononi," Bi Apolonia alimwambia Munira. "Kwa nini uliiruka?"

"Ni ya kwetu," alisema Munira, akaanza kulia.

Waamuzi hawakuchukua muda. Maksi za usomaji alikatwa, na alikatwa nyingi, maana mzee mmoja wa meza ile hakuwa mtu wa huruma. Za mpangilio na maelezo hakukatwa hata moja. Alimpita Brightson kwa maksi mbili. Bi Apolonia alipotaja jina, darasa la saba lilivamia jukwaa, meza ikaanguka, spika zikarudisha singeli bila kuombwa, na Mwalimu Revelian, mtu mzima na tai yake, akaonekana akiruka.

Katikati ya vurugu Sekela alipenya hadi kwa Bi Tunu. "Bibi, shikamoo."

"Marahaba."

"Tende ngapi kwa kinu kimoja?"

"Hilo waamuzi hawakuuliza," alisema Bi Tunu, akampita.

*

Walirudi nyumbani kwa miguu, Najat mbele na majirani, wakiimba. Bi Tunu na Munira walibaki nyuma. Bibi alijua vizuri kilichotokea. Jumamosi ijayo kila mpishi wa Temeke atakuwa anatoa kokwa za tende, na watakaofuata mkono wake mwenyewe watahesabika. Moyo ulimuuma, tena sana. Lakini kila alipotaka kuushughulikia huo uchungu, furaha ilimzidi nguvu, akajikuta anatabasamu njiani peke yake.

"Nani kakwambia?" aliuliza mwishowe.

"Hakuna."

"Ulinichungulia?"

"Hapana bibi! Naosha kinu." Munira alisema hivyo kwa mshangao, kana kwamba ni jambo la wazi. "Kila shughuli mie ndo naosha. Vitunguu vinanuka, bizari inabaki kwenye nyufa, na tende inanata mpaka nikwangue na kijiko."

"Tangu lini?"

"Tangu darasa la nne."

Bi Tunu alisimama. Alipiga hesabu ya harusi zote za miaka mitatu, khanga zote alizotundika, kamba zote alizofunga. Mtoto wa miaka kumi alijua, akanyamaza, akaenda kucheza. Machozi yalimtoka na akayaacha yatoke. Akamshika mjukuu wake begani, akaangalia mbele kuhakikisha Najat na majirani wako mbali.

"Mpaka Januari ukiondoka tuna miezi sita," alisema. "Ya pilau umeijua kwa kinu. Ya biriani huijui, maana haipiti kinuni. Kesho nakufundisha."

"Kweli bibi?"

"Kweli. Ila hiyo usiiandike."

Munira alifikiri hatua tatu nne.

"Siiandiki," alisema. "Nitaipanga tu."